Wachewa na Watumbuka: Ndugu Huku, Mahasimu Kule

Mpaka wa Zambia na Malawi unafuata mgongo wa nchi: mito ya upande mmoja huteremka kwenda Luangwa, ya upande wa pili huelekea Ziwa Nyasa. Waingereza waliouchora hawakujali nani anaoana na nani. Wachewa wakajikuta na ndugu pande zote mbili, na Watumbuka vivyo hivyo.

Kwa sisi tunaochunguza mahusiano ya makundi, ajali ya historia kama hii ni maabara ambayo fedha haiwezi kuijenga. Daniel Posner, mtaalamu wa siasa kutoka Marekani, alichagua vijiji vinne, viwili vya Wachewa na viwili vya Watumbuka, kila jozi ikitenganishwa na mpaka tu. Akauliza maswali yasiyo na mzunguko. Ungeoa au kuolewa na mtu wa kabila lile? Akigombea urais, ungempa kura? Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba huko Malawi wengi walikataa, ilhali huko Zambia wengi hawakuona shida yoyote.

Sasa tazama kisichobadilika. Wachewa huhesabu ukoo kwa mama, Watumbuka kwa baba, na mahari yao ni ng'ombe. Wachewa wana ngoma ya Nyau yenye vinyago, Watumbuka wana vimbuza, ngoma ya uganga. Mambo haya yako pande zote mbili za mpaka. Anayedai kwamba watu hugombana kwa kuwa hawafanani atueleze basi hao wa Zambia wamewezaje kuishi.

Posner anaeleza kwa idadi. Huko Malawi, makabila haya ni makubwa kiasi kwamba mwanasiasa anaweza kujenga chama juu yake. Huko Zambia ni vipande vidogo, na anayeutaka urais hapati faida kuwagombanisha. Atawaita wote watu wa Mashariki na kuwakabili Wabemba wa Kaskazini. (Zambia nayo si paradiso, ina mistari yake mingine ya mgawanyiko.) Nakubaliana naye, lakini idadi peke yake haielezi uchungu, na uchungu wa Malawi una tarehe.

Mwaka 1968, chini ya Rais Hastings Kamuzu Banda, Kichewa kilifanywa lugha ya taifa. Kitumbuka kikaondolewa redioni, magazetini na shuleni. Mwaka 1989 Banda akaamuru walimu wenye asili ya Kaskazini mwa Malawi, waliko Watumbuka wengi, warudi kwao. Mtu aliyejijua kuwa mwalimu, Mkristo na Mmalawi akaambiwa kwamba kabla ya yote hayo yeye ni wa Kaskazini.

Kutengwa huuma upesi kuliko tunavyodhani. Mwanasaikolojia Kipling Williams hutumia mchezo wa kompyuta ambamo watatu hurushiana mpira, kisha wawili, ambao kwa kweli ni programu tu, wanaacha kumrushia wa tatu. Dakika chache zinatosha kumfanya ajione hana thamani. Katika jaribio moja huko Australia, washiriki waliambiwa kwamba hao wawili ni wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi. Kunyimwa mpira na watu ambao wao wenyewe waliwachukia kuliwauma vilevile. Aliyetengwa hutafuta wa kumshika mkono, na walio karibu zaidi ni waliotengwa pamoja naye. Hapo ndipo kabila lililokuwa salamu na vyakula linapogeuka kambi.

Naye anayetenga hahitaji chuki ya miaka. Karibu na mwaka 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyepoteza familia yake katika mauaji ya Wanazi, aliwagawa wavulana wa Bristol kwa kisingizio cha mchoraji wanayempenda, Klee au Kandinsky. Walipopewa kazi ya kugawa pesa, mara nyingi walikuwa radhi kundi lao lipate pungufu, mradi lile jingine lizidiwe.

Turudi Malawi: uchaguzi wa urais wa 1994 ulikwenda kwa mikoa, Kaskazini kwa Chakufwa Chihana, Kati kwa Banda, Kusini kwa Bakili Muluzi, aliyeshinda. Kitumbuka kikarudi redioni mwaka huohuo, na mtu angetegemea donda lifunge.

Halikufunga, kwa sababu wa Kaskazini si wao pekee wenye malalamiko. Wamisionari wa Kiskoti walijenga Livingstonia huko, na eneo hilo likatoa wasomi wengi kuliko uwiano wa watu wake. Mgawo wa nafasi za chuo kikuu kwa wilaya, uliowahi kutumika enzi za Banda na kurudishwa mwaka 2009 chini ya Rais Bingu wa Mutharika, huko Kaskazini uliitwa njama dhidi ya watoto wao. Kwingineko ulionekana haki iliyochelewa. Warsha za kuhimiza upendo hazigusi ugomvi wa namna hii, maana mzazi wa Mzimba, Kaskazini, na mzazi wa Lilongwe, Kati, wanaweza kupendana kabisa na bado wakabishana nafasi zihesabiwe kwa alama au kwa wilaya, na nani awe kwenye kamati inayoamua.