Mtoto kaandika 1005 badala ya 105. Kwa nini?

Mwambie mtoto wa darasa la kwanza aandike "mia moja na tano". Usishangae akiandika 1005. Wala usimkaripie: ameandika alichosikia, 100 halafu 5. Kosa lake lina mantiki.

Tatizo ni kwamba maneno tunayajumlisha, lakini thamani ya tarakimu inategemea nafasi yake. Na lugha inasaidia nusu tu. "Kumi na tatu" inataja kumi waziwazi, ila "thelathini", neno lenye asili ya Kiarabu, halimwonyeshi mtoto kuwa ni makumi matatu.

Sasa ufanyeje? Chukua vijiti na uzi. Kila vijiti kumi, afunge fungu. Mafungu kumi yakitimia, ayafunge pamoja: hiyo ni mia. Kisha aipange 105 kwenye safu za mamia, makumi na mamoja. Safu ya makumi itabaki tupu. Hapo ndipo sifuri inapokaa, kulinda nafasi; ukiiondoa, 105 inageuka 15.

Asipoelewa hili mapema, kesho hesabu za kubeba na kukopa atazikariri tu, bila kujua anabeba nini.