Tetesi za Pikipiki za Mbio na Mlima wa Bura

Wikendi nyingi barabara ya Voi kwenda Taveta hupitisha mlio ambao si wa boda za Boxer. Husikika kwanza upande wa Mwatate, na kabla abiria hajageuza shingo, pikipiki mbili tatu za mbio zimeshaipita Bura zikielekea Maktau, waendeshaji wamelalia tangi. Hapo mazungumzo ya steji hubadilika. Ile ilikuwa cc ngapi? Ilikuwa R1 au Ninja? Na ni kweli Honda wanaleta injini mpya?

Naizungumzia Bura ya Taita, si ile ya Tana River. Tangu lami ya Mwatate hadi Taveta ilipokamilika, chini ya mradi mkubwa wa Arusha, Holili, Taveta na Voi uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, barabara hii imekuwa kivutio cha wapenda mwendo. Vijana wanaoamka alfajiri kubeba wanafunzi na magunia wanaiona mashine ya ndoto zao ikipita mlangoni. Wengine wameanza kuweka akiba. Nawaandikia hao, kwa sababu swali lao la cc ngapi ni zuri, ila jibu wanalopewa mara nyingi ni baya: kubwa kuliko zote uwezazo kununua.

Kwanza tetesi zenyewe. Fununu za pikipiki mpya huwa na vyanzo vinavyojulikana. Kampuni huandikisha jina la biashara, huwasilisha michoro ya hataza, huomba kibali cha moshi na kelele, na kila karatasi inayoingia ofisi ya umma hupata wa kuisoma. Jina la Yamaha R9 lilianza kuzungumzwa mwaka 2021 kupitia maandikisho ya alama za biashara. Mwaka huo ikatoka R7 yenye cc 689, wengi wakavunjika moyo. R9 yenyewe, silinda 3 na cc 890, ilitangazwa Oktoba 2024. Aliyekataa kununua chochote akiingoja alikaa miaka mitatu bila pikipiki. Honda nao walionyesha Milan, Novemba 2024, injini ya silinda tatu zilizopangwa kwa umbo la V, yenye kompresa inayoendeshwa kwa umeme ili kuisukumia hewa hata ikizunguka taratibu. Hiyo haikuwa fununu tena, ilikuwa chuma mezani, lakini kuonyeshwa kwenye maonyesho na kufika dukani ni safari mbili tofauti.

Kwa hiyo tetesi tuzisikilize kwa sababu nyingine: zinatuonyesha watengenezaji wanaelekea wapi. Mfano ulio bora zaidi kwangu ni Ninja. Ninja 400 iliyotoka mwaka 2018 ilikuwa na cc 399 na nguvu 45 za farasi kwa soko la Ulaya. Mwishoni mwa 2023 Kawasaki wakaitangaza Ninja 500 yenye cc 451. Nguvu zake? Zilezile 45. Msomaji wa haraka atasema tumepunjwa, maana injini imekua na farasi hawakuongezeka hata mmoja.

Tazama chini ya namba hiyo. Farasi hupimwa pale injini inapofikia kilele chake, na Ninja 400 ilihitaji mizunguko 10,000 kwa dakika kufika huko. Ninja 500 inafika kwenye 9,000. Muhimu zaidi ni nguvu ya kuvuta, ile unayoisikia mgongoni unapofungua mafuta ukiwa na mtu nyuma. Mafundi huipima kwa newtoni mita. Ya 400 ilikuwa 38 kwenye mizunguko 8,000. Ya 500 ni 42.6 kwenye mizunguko 6,000. Maana yake ni kwamba mashine mpya inavuta mapema. Hulazimiki kuikamua mpaka ipige kelele ndipo iende. Wahandisi walitumia zile cc 52 za nyongeza kuirahisishia kazi injini, wala hawakuwa wakitafuta mwendo wa kujivunia. Walikuwa pia wamefungwa na sheria: kule Ulaya leseni ya kati, inayoitwa A2, hairuhusu pikipiki inayozidi kilowati 35, na farasi 45 ni kilowati 33 na kidogo.

Waendesha boda wa Taita wanaijua hesabu hii bila kuiona kwenye karatasi. Voi iko mita 600 hivi juu ya bahari, na Wundanyi imepita 1,300. Hewa huwa nyepesi kadiri unavyopanda, na injini isiyo na kompresa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Boxer ya cc 150 hutoa kama farasi 12 ikiwa chini pwani. Ikifika Wundanyi imeshapoteza zaidi ya moja, na bado ina abiria, gunia, na kona zinazokulazimisha kurudi gia ya kwanza. Ndiyo maana anayefanya kazi kwenye tambarare za Voi hutosheka na cc 100 inayonusa mafuta tu, ilhali wa Bura anayepanda Mgange hutafuta 150. Wengine hufunga sproketi ya nyuma yenye meno zaidi: mwendo wa juu unapungua, lakini mlima unapandika. Huko ni kuchagua injini kwa kazi yake, na ningependa kijana huyohuyo aende na akili hiyohiyo anapotafuta pikipiki ya mbio.

Hapa kwetu namba iliyokuwa na uzito wa kipekee ni 250. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki za chini ya cc 250 kodi ya ongezeko la thamani, na uamuzi huo ulichangia sana kuzijaza boda boda nchini. Kodi ilitufundisha kwamba cc ni suala la bei. Leseni haikutufundisha kwamba ni suala la uwezo. Tunayo madaraja: A1 kwa zile ndogo kabisa za hadi cc 50, A2 kwa pikipiki, A3 kwa boda na tuktuk. Lakini ukishavuka zile ndogo kabisa, sheria haikuulizi umeendesha nini jana. Kijana aliyepata A2 wiki iliyopita anaweza kununua cc 1000 leo, jambo ambalo Mfaransa au Mjerumani wa rika lake haruhusiwi. Linaniuma, kwa sababu anayelipia pengo hilo ni mama anayepigiwa simu.

Fikiria barabara yenyewe. Baada ya Bura lami inanyooka kuingia nchi ya wanyama, ikipita karibu na hifadhi ya jamii ya LUMO na ile ya Taita Hills. Tembo huvuka hapo bila kuangalia saa, na mbuzi na ng'ombe huvuka kila mahali. Gia ya kwanza peke yake ya pikipiki ya cc 1000 hupita kilomita 120 kwa saa, na gia nyingine tano zinasubiri. Kwenye kilomita 160 kwa saa unasafiri mita 44 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka kabla ya kugusa breki na mita 44 zimeshaliwa. Kisha breki zenyewe zinahitaji nafasi, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi hiyo huongezeka mara nne. Hata Wajapani waliona mbio za namba zimewazidi: baada ya Suzuki Hayabusa ya 1999 kuvuka kilomita 300 kwa saa, watengenezaji walikubaliana kimyakimya kukomea 299.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa lizungumzwe zaidi pale steji. Hizi Boxer tunazozidharau tukiona Ninja ikipita zina udugu nayo. Bajaj ya India, inayounda Boxer, na Kawasaki walishirikiana kwa miongo mitatu, hadi 2017, na Boxer ya mwanzo iliuzwa India ikiwa na majina yote mawili ubavuni. Bajaj hiyohiyo ndiyo iliyotoa fedha mwaka 2025 kuiokoa KTM ya Austria isizame kwenye madeni, na KTM ndogo za cc 390 zimekuwa zikiundwa kwenye kiwanda cha Bajaj cha Chakan, karibu na Pune. TVS, nao wa India, ambao pikipiki zao za HLX zimejaa hapa, waliinunua Norton ya Uingereza mwaka 2020, na wameunda injini za cc 312 pamoja na BMW. Anayefuatilia tetesi akiwa Bura aelekeze sikio India kabla ya Milan. Pikipiki ya mbio ambayo fundi wa Voi ataweza kuifungua bila woga ina uwezekano mkubwa wa kutoka huko.

Sasa nitaje namba. Kwa mtu wa Bura mwenye uzoefu wa miaka kadhaa wa boda, anayetaka kupanda Wundanyi Jumamosi na kushuka Mombasa mara mojamoja, injini ya silinda 2 kati ya cc 300 na 500 inatosha na kubaki. Itambeba yeye na mwenzake mlimani bila kuhema, na kwenye Mombasa Road itakuwa na akiba ya kulipita lori bila kubahatisha. Kama pikipiki hiyohiyo lazima impeleke kazini kila siku, silinda 1 ya cc 200 ina busara zaidi. Tairi la nyuma la Ninja 400 ni la upana wa milimita 150; la cc 1000 ni 190 au 200, bei yake huumiza, na huisha haraka mno. Mafuta nayo: Boxer huweza kwenda zaidi ya kilomita 50 kwa lita, dude la cc 1000 mara nyingi halifiki 20.

Ukienda kuitazama pikipiki iliyotumika, ikute ikiwa baridi. Shika injini kabla haijawashwa, maana muuzaji anayeipasha moto mapema huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Tazama ncha za mikono ya klachi na breki kama zimekwaruzwa, pamoja na ncha za vishikio, kwa kuwa ndizo hugusa chini kwanza pikipiki ikianguka. Geuza usukani taratibu kushoto na kulia, na kama unakwama katikati, beringi za shingo zimeisha au chombo kiligonga kitu. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye hati za mamlaka ya usafiri, NTSA, herufi kwa herufi. Na kabla hujatoa pesa yote, tenga ya helmeti nzuri, glavu na buti, hata kama itakulazimu kushuka kutoka cc 500 hadi 300.