Harusi ya masika Bukavu: anza na njia ya kurudi nyumbani

Kiangazi cha Bukavu ni kifupi. Mvua hukatika karibu na Juni, hurudi Septemba, na kuanzia hapo mji hunyeshewa mpaka Mei. Ndiyo maana Julai na Agosti kila Jumamosi honi za misafara ya maharusi hulia Nyawera kutwa, na kumbi za Ibanda zimeshikwa miezi mingi kabla. Watoto wamefunga shule, ndugu walioko Ubelgiji na Kanada wamekuja likizo, udongo umekauka. Mwenye uwezo wa kungoja kiangazi hungoja.

Wengi hawana uwezo huo. Kijana amepata kazi mbali na anaondoka Januari. Baba wa binti anaumwa na anataka kumwona mwanawe mbele ya altare angali na nguvu za kusimama. Mchango umetimia Oktoba, na pesa hiyo ikilala mpaka Julai italiwa na ada za shule. Watu hao huoana wakati wa mvua, na mara nyingi komite yao hupanga harusi ileile ya Agosti, na saa zilezile, kisha huweka mtu wa kuomba Mungu aizuie mvua. Maombi ni mema. Lakini harusi ya masika inahitaji mpango wake, na kwangu mimi mpango huo unaanzia mwisho: mgeni wa mwisho atafikaje kwake?

Tazama mji ulivyokaa. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nyumba zimeng'ang'ania vilima juu ya Ziwa Kivu. Anayetoka ukumbini Nguba kurudi Cimpunda au Nyamugo ana mlima mbele yake, na mahali fulani njia ya gari inakwisha, kinabaki kinjia cha udongo mwekundu kati ya nyumba za mbao. Mvua ikipiga saa moja tu, kinjia kinageuka mfereji. Kule Funu, ndani ya Kadutu, ardhi yenyewe inateleza polepole chini ya nyumba za watu, na wanasayansi wameipima kwa setilaiti. Mwisho wa Desemba 2023, katika msimu wa harusi za Noeli, mvua kubwa iliangusha nyumba Ibanda na kuua watu. Karibu miezi minane kabla ya hapo, tarehe 4 Mei 2023, maji na mawe vilishuka Bushushu na Nyamukubi, upande wa Kalehe, vikachukua mamia ya watu. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, watu walikuwa wamekusanyika.

Ninapoona programu ya harusi ya Aprili inayoanza misa saa saba mchana na kumaliza saa nne usiku, namfikiria mama mzee mwenye kikwembe kipya, viatu mkononi, akipanda mteremko wa namna hiyo gizani. Alichanga kama wengine, na ni yeye aliyemlea bwana harusi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni saa. Mvua zetu nyingi huja baada ya jua la mchana kuipasha moto milima. Asubuhi za Novemba au Aprili mara nyingi huanza na ukungu, kisha anga hufunguka kwa muda. Muda huo ndio mali ya maharusi. Misa au ibada iwe saa tatu asubuhi, chakula kianze kugawiwa kabla ya saa saba, na ikifika saa kumi alasiri magari yawe yameanza kupakia. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, kiangazi hakituongezei mwanga. Vijana watalalamika kwamba harusi bila kucheza usiku haijakamilika, na ninawaelewa. Lakini vita vimeshawafundisha watu wa mji huu kurudi nyumbani mapema, na dansi ya mchana ni dansi pia.

Radi nayo isichukuliwe kama mapambo ya mvua. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka mashariki ya Kongo katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Hema la nguzo za chuma lililosimamishwa peke yake juu ya kilima, na vyombo vya muziki vimeunganishwa na jenereta chini yake, si mahali pa kukalisha watu mia mbili. Turubai linafaa kwa wapishi na kwa kupokelea wageni mlangoni, lakini watu wakae ndani ya jengo. Na mtu mmoja kwenye komite apewe mamlaka ya kuzima vyombo ngurumo zikikaribia, bila kubishana na mpiga muziki wala na mjomba mwenye kipaza sauti.

Kuhusu ukumbi, shauri langu ni moja: usilipe arabuni kabla hujauona siku ya mvua. Nenda wakati watu wengine wamejikinga barazani. Simama katikati usikilize. Kama juu ni bati tupu lisilo na dari, hotuba ya baba mkwe haitasikika hata mstari mmoja, na padri au mchungaji atabariki meza kwa ishara za mikono. Angalia maji ya uani yanaelekea wapi, choo kiko upande gani, na kama gari linaweza kufika mlangoni au bibi harusi atatembea hatua hamsini katika tope na gauni jeupe. Udongo wetu ukishika kitambaa cheupe hautoki.

Kuchagua tarehe nako kuna kazi yake. Kwaresima huangukia katikati ya mvua, na Wakatoliki hukwepa kuoana humo: mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, na Pasaka ni tarehe 28 Machi. Hesabu pia Jumapili za matangazo kanisani. Halafu kuna mwezi wa angani, ambao komite nyingi huusahau. Sambaza, samaki aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazimvuti. Harusi ya wiki hiyo itamnunua kwa bei ya juu au itarudi kwenye makayabu. Makala ya kupikia yanunuliwe mapema na kulazwa pakavu, kwa sababu makala mabichi hutoa moshi na kuchelewesha bugali, na bugali ikichelewa saa zote tulizopanga zinavunjika.

Doti, yaani mahari, ndiyo ngumu kuliko kanisa. Kanuni ya familia, iliyorekebishwa Julai 2016, bado inaitambua kama sehemu ya ndoa, na kwa Bashi ni ng'ombe, ni kasiksi, pombe ya ndizi, ni wazee wa pande mbili kukaa pamoja kwa wakwe. Kwa wengi nyumbani kwa wakwe ni Walungu, Kabare au Kaziba. Kutoka Bukavu mpaka Walungu ni kama kilomita 40, lakini Novemba kilomita hizo hupimwa kwa tope. Ningeitenga kabisa na harusi na kuipeleka mwisho wa kiangazi, barabara ikiwa bado inapitika kwa ng'ombe, hata kama kanisa litakuja miezi mitatu baadaye. Ndoa ya serikali kwenye komine ni fupi na iko mjini, miavuli inatosha.

Pesa imekuwa mtihani mwingine. Waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025 na banki zikafunga milango, michango ilihamia kwenye simu na kwenye likelemba, vikundi vya kuchangiana kwa zamu. Ndege za uwanja wa Kavumu zilikatika pia, ndugu wa mbali wakalazimika kuzunguka. Anayevuka mpaka wa Ruzizi au anayekuja kwa boti kutoka Goma aambiwe afike siku mbili kabla, asisafiri ziwani haraka haraka kwa kuogopa kukosa misa.

Na masika yana zawadi ambayo Agosti haina. Kiangazi vumbi na moshi wa mashamba hufunika ziwa, unasimama Muhumba usione mbali. Baada ya mvua ya usiku, asubuhi, hewa ni safi, milima ya Rwanda inaonekana mikunjo yake yote, kila kilima ni kijani, na maua ya kupamba kanisa yanachumwa uani kwa majirani. Piga picha saa hiyo, kabla ya misa, bwana harusi akivaa bote mpaka kwenye majani na kubadilisha viatu hapo.

Kwenye bajeti, kabla ya keki na kabla ya pindo za meza, andikeni usafiri wa kurudi. Orodhesheni wageni kwa mitaa: Panzi gari hili, Bagira lile, wa Kadutu juu washuke penye mwisho wa lami ambapo vijana sita wanangoja na miavuli na tochi. Motari wachache wanaoaminika walipwe mapema, nusu asubuhi, nusu jioni. Wazee wapande kwanza. Na mapadri na wachungaji wetu, ambao ratiba zao ndizo huamua kila kitu, nawaomba kuanzia Septemba mpaka Mei waifungue saa ya tatu asubuhi kwa maharusi.