Fahamu: Jua Linavyopunguza Gesi katika Majiko Makubwa

Tangu serikali ya Tanzania ilipoziamuru taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, mengi yamenenwa juu ya gesi na umeme, ilhali jua, lisilodai ujira, hutajwa kwa nadra.

Maji ya bomba yenye nyuzi 25 hayana budi kupandishwa nyuzi 75 zaidi ndipo yachemke. Lakini yakipitishwa kwanza katika mtambo wa jua ulio juu ya paa, yakafika jikoni yakiwa na nyuzi 60, husaliwa na nyuzi 40 tu, na karibu nusu ya gesi ya kuyachemshia imesalimika. Faida hii hudhihiri zaidi katika ugali na uji. Kwa maharage, yatokotayo kwa saa nyingi, ni haba, na insafu yataka tuliseme hilo waziwazi. Hata uji wa alfajiri wawezekana, maadamu tangi limevikwa vema likahifadhi joto la jana usiku kucha; ila liwe safi, la aina ifaayo kwa maji ya kunywa, na bomba liendalo jikoni liwe fupi, lililofunikwa, joto lisipotelee njiani.