Nyumba ya Chokaa Haidumu Bila Mwenyewe

Ukifuata barabara ya Mizingani mjini Unguja, ukitoka Forodhani kwenda bandarini, upande wa kulia utalikuta jumba la orofa nne lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ufundi mkubwa. Wengi hulijua kwa jina la Zahanati ya Zamani. Wageni huzipiga picha roshani zake, nao waandishi wa historia hutaja majina ya waliolimiliki. Sisi tunaoshughulika na uhifadhi wa majengo hatuwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili. Kwa nyumba ya matumbawe na chokaa, uimara wa ukuta hutegemea ni nani mwenye nyumba.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, Malkia Victoria wa Uingereza alipokuwa akiadhimisha miaka 50 ya utawala wake. Mjenzi wake alikuwa Tharia Topan, Mhindi wa jumuiya ya Ismailia kutoka Kutch, aliyefika Unguja angali mdogo akapanda hadi kusimamia ushuru wa forodha enzi za Sultani Barghash. Yeye ndiye aliyemkopesha mfanyabiashara Tippu Tip mtaji wa misafara ya bara, na Tippu Tip mwenyewe anamtaja katika kitabu cha maisha yake. Sehemu ya utajiri wa Topan ilitokana na pembe za ndovu, na misafara hiyohiyo ilihusika na biashara ya watumwa. Jambo hilo nalo limo katika historia ya jumba, wala uzuri wa nakshi usitufanye tulifumbie macho. Kwa fedha zake Topan alikusudia kulijenga jumba hili liwe hospitali ya maskini.

Mafundi waliolijenga walileta ujuzi wa India ya wakati wa Waingereza. Uso wa jengo una mapambo ya lipu ya mtindo wa Kizungu, lakini roshani zenye vioo vya rangi ni za Kihindi, na katikati upo ua wa ndani uliozungukwa na baraza za kila orofa. Kila sehemu ina kazi yake. Roshani hukinga ukuta na jua la mchana na kupokea upepo wa bahari. Vioo vya rangi hupunguza mng'ao wa maji. Ua hupandisha hewa ya moto juu, na ya baridi ikaingia kutoka chini. Ndiyo maana watu waliweza kukaa humo kwa raha kabla feni hazijafika.

Nyumba za Mji Mkongwe, sehemu ya kale ya mji wa Unguja lilipo jumba hili, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Ukuta wa namna hii hupumua: hunyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Lipu ya chokaa ni kama nguo, huchakaa ili mwili usichakae, kwa hiyo lazima ibadilishwe kila inapochoka. Paa likivuja, maji huingia ndani ya ukuta na kuosha udongo unaoshika mawe. Kisha ncha za boriti zilizolala ukutani huoza, na sakafu hulegea. Saruji, ambayo wengi huikimbilia kwa kuwa ni ngumu, huzidisha madhara. Huufungia unyevu na chumvi ndani, na siku inapobanduka huondoka na jiwe.

Topan alifariki mwaka 1891 kabla kazi haijaisha, na mjane wake akaikamilisha mwaka 1894. Mwaka 1900 jengo liliuzwa. Likaingia katika mali ya wakfu ya Haji Nasser Nur Mohammed wa jumuiya ya Mashia Ithnaasheri, zahanati ikawekwa chini na orofa za juu zikagawanywa kuwa makazi. Mpango huu uliliweka jengo hai. Anayelala chini ya paa ndiye wa kwanza kujua linapovuja, na ana sababu ya kulishughulikia mapema.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 waliokuwa wakikaa humo waliondoka, jengo likawa mikononi mwa serikali, na miaka ya kutotunzwa ikafanya kazi yake. Mwaka 1990 lilikodishwa kwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Aga Khan ni imamu wa Waismailia, jumuiya ya Topan mwenyewe. Likakarabatiwa na kufanywa kituo cha utamaduni.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Heshima hiyo ni kubwa, ila orodha haipigi lipu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883 lililo pwani hiyohiyo, iliporomoka na watu 2 wakafa. Msiba huo utukumbushe kwamba jengo kongwe likidhoofika huhatarisha roho za watu, si kumbukumbu peke yake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nyumba ipi ya Mji Mkongwe itadumu, sitazami kwanza mlango wala roshani. Nauliza nani hupanda juu ya paa kabla ya masika, nani hulipia chokaa, na fundi gani anajua kuichanganya. Majibu hayo yaandikwe katika kila mkataba wa kukodisha nyumba ya urithi, kwa jina la mhusika na kwa muda wa kila ukaguzi. Nao vijana wafunzwe kuchoma na kuloweka chokaa kama wanavyofunzwa kuchanganya zege. Zahanati ya Zamani iliokolewa na wafadhili wakubwa, lakini nyumba nyingi za mji ule hazitawapata. Zitategemea wenyewe walio karibu nazo, na hao ndio wa kusaidiwa kwanza.