Utumbo wa Mutu Mwingine

Figo ya mutu mumoja ilifaulu kuwekwa ndani ya pacha wake kule Boston, Marekani, mwaka 1954. Moyo ulifuata 1967, Cape Town. Utumbo mwembamba ulikawia miaka ishirini tena. Juu ya nini?

Utumbo si mupira wa kupitisha maji tu. Ndani yake muna vijidudu vingi sana, na ukuta wake umejaa askari wa mwili, wale wanaopigana na magonjwa. Ukiuhamisha, askari wa mwenye nyumba wanaushambulia ule mugeni. Na askari wa mugeni nao wanaweza kumushambulia mwenye nyumba! Ukuta ukitoboka, vijidudu vinaingia katika damu. Munganga Lillehei wa Minnesota aliuhamisha kwa imbwa 1959. Kwa watu walianza kujaribu 1964, lakini hakuna mugonjwa aliyeishi muda murefu.

Basi mutoto aliyezaliwa na utumbo uliojisokota, ukakatwa, afanye nini? Mwaka 1968, munganga Dudrick na wenzake wa Philadelphia walionyesha kwamba anaweza kukomaa kwa chakula cha maji kinachopita katika mushipa. Hiyo iliokoa wengi. Lakini mupira ule unaleta ambukizo, na maini yanaharibika pole pole.

Dawa za kutuliza askari zilipopatikana, mambo yaligeuka. Mwaka 1988, kule Kiel, Ujerumani, mwanamuke mumoja alipewa kipande cha utumbo wa dada yake, kikafanya kazi. Paris, mutoto aliyepewa utumbo 1989 aliishi nao zaidi ya miaka kumi.

Hata leo ni kazi nzito. Dawa ni za maisha yote. Na kwa sababu damu haionyeshi vizuri kama utumbo unakataliwa, wanganga wanaacha tundu tumboni, wanapitisha kamera na kukata vipande vidogo vya kupima.

Marekani walifanya karibu 200 mwaka 2007. Siku hizi ni nusu hivi. Hiyo ni habari njema, ninaona: chakula cha mushipa kimekuwa kizuri zaidi, na tangu 2012 kuna dawa, tedugulutaidi, inayosaidia utumbo mufupi.

Na wale watoto wanaopona? Wengine hawajatafuna kitu tangu kuzaliwa. Wanaogopa kijiko. Miezi inapita wakifundishwa kumeza uji, kidogo kidogo.