Kabla ya Kuongeza Dozi: Mpangilio wa Kusimamia Tiba ya Insulini kwa Paka Mwenye Kisukari Kisichodhibitika kwa Urahisi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kusimamia tiba ya insulini kwa paka ambaye kisukari chake hakidhibitiki kwa urahisi. Hoja kuu ni kwamba usugu wa kisukari hautambuliki kwa kutazama namba moja ya glukosi. Ni hitimisho linalofikiwa baada ya kuondoa sababu nyingine moja baada ya nyingine: kosa la bomba au la uchomaji, kuharibika kwa dawa, lishe na dawa nyingine, dozi iliyozidi, magonjwa yanayoambatana, na mwishowe uvimbe wa tezi ya pituitari. Aidha, makala yanaonesha kwamba utata wa neno kipimo katika maelekezo ya Kiswahili unaweza kumfanya mlezi wa paka aongeze dawa pale alipotakiwa kupima.

1.0 Utangulizi

Insulini ilipatikana kutokana na utafiti uliofanyika Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 ikatumika kwa mara ya kwanza kumtibu binadamu mwenye kisukari. Paka nao hutibiwa kwa insulini, lakini kisukari chao kina tabia zake. Kwa sehemu kubwa kinafanana na kisukari cha aina ya 2 cha binadamu: kongosho bado lina uwezo fulani wa kutoa insulini, ila mwili hauiitiki ipasavyo, na seli zinazoitengeneza hudhoofika kadiri muda unavyopita. Wanaopatwa zaidi ni paka wenye umri mkubwa, wanene, madume waliohasiwa na wale wasiotembea sana.

Glukosi ikikaa juu kwa muda mrefu, yenyewe huzidi kuzidhoofisha seli za kongosho. Ikishushwa mapema, baadhi ya seli hizo hupata nafuu na paka anaweza kuishi bila insulini. Roomp na Rand (2009) waliwafuatilia paka 55 waliotibiwa kwa insulini ya glajini na kupimwa nyumbani kwa karibu sana. Asilimia 64 waliacha kuhitaji insulini. Kwa wale walioanza utaratibu huo ndani ya miezi 6 tangu kugunduliwa ugonjwa, kiwango kilikuwa asilimia 84. Kwa waliochelewa, asilimia 35.

Matokeo hayo yana pande mbili. Upande mmoja, kuchelewa kudhibiti glukosi humpunguzia paka uwezekano wa kupona. Upande wa pili, paka ambaye kongosho lake linaanza kupata nafuu huku dozi ikibaki ileile, au ikiongezwa, anaweza kufa kwa kushuka kwa glukosi. Msimamizi wa tiba hulazimika kuziepuka hatari zote mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mpangilio wa uchunguzi unapohitajika.

2.0 Istilahi

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, kipimo ni kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa, na pia ni uchunguzi unaofanywa ili kujua hali yake. Sentensi kama "paka huyu aongezewe vipimo" humaanisha kwa daktari kwamba damu ichunguzwe mara nyingi zaidi. Mlezi anaweza kuielewa kuwa insulini iongezwe. Vivyo hivyo, "sindano mbili" zaweza kuwa michomo miwili kwa siku, au bomba kujazwa mara mbili kwa wakati mmoja.

Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia dozi kwa kiasi cha insulini, upimaji kwa uchunguzi wa glukosi, bomba kwa kifaa cha kuvutia dawa, na mchomo kwa tendo la kuidunga. Yuniti ni kizio cha nguvu ya insulini. Alama ni mstari uliochorwa kwenye bomba. Kama itakavyoonekana katika sehemu ya 4.1, alama moja si lazima iwe yuniti moja.

3.0 Maana ya kisukari kisichodhibitika

Tiba kwa kawaida huanza na yuniti 1 hadi 2 kwa paka mmoja kila baada ya saa 12. Dozi hubadilishwa kwa nusu yuniti hadi yuniti moja, na si kabla ya siku 5 hadi 7 kupita, kwa kuwa mwili huhitaji muda kuizoea dozi mpya. Wataalamu wengi huanza kushuku usugu pale dozi inapozidi yuniti 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa mchomo mmoja bila mafanikio. Kwa paka wa kilo 5, hiyo ni zaidi ya yuniti 7.5.

Mafanikio nayo hayana budi kufafanuliwa. Figo za paka huanza kupitisha glukosi kwenye mkojo inapofikia takribani milimoli 14 hadi 16 kwa lita ya damu. Chini ya kiwango hicho, kiu na mkojo mwingi hupungua hata kama glukosi haijawa ya kawaida. Paka ambaye hanywi maji kupita kiasi, uzito wake umetulia na anajilamba manyoya yake kama zamani, anaendelea vizuri hata kama usomaji mmoja wa kliniki unatisha. Ikumbukwe kwamba hofu peke yake hupandisha glukosi ya paka kwa kiasi kikubwa, hivyo paka aliyesafirishwa ndani ya kikapu na kushikwa na watu asiowajua hatoi picha ya siku zake za kawaida.

4.0 Mpangilio wa uchunguzi

4.1 Bomba na mchomo

Insulini nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama zina yuniti 40 katika kila mililita. Insulini nyingi za binadamu zina yuniti 100. Kila moja ina bomba lake. Katika bomba la yuniti 40, alama moja ya yuniti ni mililita 0.025, katika bomba la yuniti 100 ni mililita 0.01.

Tuchukue mfano wa paka aliyeandikiwa yuniti 2 za insulini ya 40. Mlezi akitumia bomba la 100 na kuvuta hadi alama ya 2, paka hupata yuniti 0.8 tu. Glukosi haitashuka, na dozi itaongezwa hatua kwa hatua, pengine hadi alama ya 5, ambayo kwa kweli ni yuniti 2. Siku mlezi atakapopewa bomba sahihi na kuvuta hadi alama ileile ya 5, paka atapokea yuniti 5 kamili. Kosa la kinyume ni la haraka zaidi: insulini ya 100 ikivutwa kwa bomba la 40 hadi alama ya 2, paka hupata yuniti 5 siku hiyohiyo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwomba mlezi avute na kuchoma mbele ya daktari, kwa bomba na kichupa anachotumia nyumbani. Kumuuliza kwa maneno hakutoshi, kwa kuwa anayekosea haoni kosa lake. Hapo pia huonekana mapovu ya hewa ndani ya bomba, dawa inayomwagika kwenye manyoya, na mchomo unaorudiwa palepale hadi ngozi ikakomaa.

4.2 Dawa yenyewe

Insulini huharibiwa na joto, na pia kwa kugandishwa. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, historia ya jokofu ni sehemu ya historia ya mgonjwa. Insulini zenye chembe huchanganywa kwa namna iliyoelezwa kwenye kibandiko cha kila moja. Glajini ni angavu. Hufanya kazi polepole kwa sababu hujiganda kidogo chini ya ngozi inapokutana na hali isiyo na asidi, hivyo haichanganywi na insulini nyingine wala haizimuliwi. Ikiwa na ukungu, itupwe.

4.3 Lishe na dawa nyingine

Paka ni mla nyama, na chakula chenye wanga mwingi huongeza hitaji lake la insulini. Chakula chenye protini nyingi na wanga kidogo hulipunguza, wakati mwingine kwa kasi. Ndiyo maana mabadiliko ya lishe yafanyike pamoja na upimaji wa karibu, na dozi iwe tayari kupunguzwa. Aidha, dawa za steroidi zinazotolewa kwa mwasho, pumu au uvimbe wa utumbo huzuia kazi ya insulini. Mlezi aulizwe kuhusu sindano za muda mrefu ambazo huenda paka alichomwa miezi iliyopita.

4.4 Upimaji, na uwezekano wa dozi iliyozidi

Usomaji wa juu wa asubuhi hausemi lolote kuhusu saa sita zilizotangulia. Inawezekana glukosi ilishuka mno usiku, mwili ukajitetea kwa kuachia glukosi kutoka kwenye ini, na asubuhi ikaonekana juu. Wataalamu wanajadiliana kuhusu mara ngapi hali hiyo hutokea kwa paka, lakini kuongeza dozi bila kujua kiwango cha chini kabisa cha siku ni kubahatisha.

Njia ya kukijua ni kupima kila baada ya saa 2 kwa saa 12, ikiwezekana nyumbani, kwa tone la damu la pembeni mwa sikio, au kwa kitambuzi kinachobandikwa kwenye ngozi na kusoma mfululizo. Lengo la kawaida ni kiwango cha chini kabisa kiwe kati ya milimoli 4.5 na 8 kwa lita. Kikiwa chini ya hapo, dozi hupunguzwa, hata kama usomaji mwingine wote uko juu. Fruktosamini ya damu husaidia kwa kuonesha wastani wa wiki moja hadi mbili zilizopita, lakini haioneshi mporomoko wa saa chache.

4.5 Magonjwa yanayoambatana

Uambukizo wowote hupunguza nguvu ya insulini. Meno na fizi, njia ya mkojo na kongosho ndivyo vya kuangaliwa kwanza. Kisha tezi ya thairoidi, figo, na tezi za adrenali. Mkojo upimwe ketoni: paka mwenye ketoni, asiyekula na anayetapika ni wa dharura. Unene nao uhesabiwe kuwa ugonjwa unaoambatana.

4.6 Tezi ya pituitari

Iwapo hatua zote zimepitiwa, iliyobaki hushukiwa zaidi. Uvimbe wa tezi ya pituitari unaweza kutoa homoni ya ukuaji kwa wingi, nayo ikapinga kazi ya insulini mwilini. Dalili inayopaswa kumshtua daktari ni paka ambaye glukosi yake iko juu lakini anaongezeka uzito, badala ya kukonda. Wengine hupata uso mpana, taya na nyayo kubwa. Wengine hawana tofauti yoyote ya sura.

Hali hii si nadra kama ilivyodhaniwa. Katika utafiti uliofanyika Uingereza, Niessen na wenzake (2015) walipima damu ya paka 1,221 wenye kisukari, na 319 kati yao, sawa na asilimia 26, walikuwa na kiwango cha juu cha homoni ya IGF-1, ambayo ini huitoa kwa kuchochewa na homoni ya ukuaji. Kipimo hicho kifanyike baada ya wiki 6 hadi 8 za tiba ya insulini, kwa kuwa kabla ya hapo kinaweza kuonesha kiwango cha chini kisicho cha kweli. Uthibitisho hupatikana kwa picha ya ubongo. Tiba ni upasuaji wa kuiondoa tezi, mionzi, au dawa. Pale ambapo hakuna hata kimoja kati ya hivyo, huendelea insulini kwa dozi kubwa na upimaji wa nyumbani, lengo likiwa paka aishi bila mateso.

Ifahamike pia kwamba vidonge na dawa za maji zinazotoa glukosi kupitia mkojo, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2022 na 2023, ziliidhinishwa kwa paka ambao hawajawahi kutibiwa kwa insulini. Si njia ya mkato kwa paka anayejadiliwa hapa.

5.0 Glukosi inaposhuka mno

Maelekezo yoyote ya insulini yasiyo na sehemu hii hayajakamilika. Paka anayeyumba, aliyelegea, anayetetemeka au kupata degedege apakwe asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi, kidogo kidogo, kisha apelekwe kwa daktari. Mchomo unaofuata usitolewe hadi daktari aseme. Mlezi asipokuwa na hakika kama dawa iliingia, asirudie: kukosa dozi moja huvumilika, dozi mbili kwa pamoja zinaweza kuua.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba katika hatua sita za uchunguzi, hakuna hata moja inayoanza na kuongeza dozi, na mojawapo huishia kwa kuipunguza. Gharama za hatua hizo hazilingani: kutazama bomba ni bure, ilhali picha ya ubongo ni ghali na haipatikani kila mahali. Mpangilio huo humlinda paka na pia mfuko wa mlezi. Kwa upande wa lugha, inapendekezwa kwamba maelekezo ya Kiswahili yatenganishe dozi na upimaji, yaandike yuniti pamoja na aina ya bomba, na yataje saa ya kila mchomo. Mlezi huyasoma peke yake nyumbani, akiwa na bomba mkononi, na hana wa kumuuliza maana iliyokusudiwa.